Baba Amenifungulia Duka la Data Kubwa

Mpendwa Bi Tumu,

Salaam aleikum na shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo maana hiyo Ijumaa ndiyo kesi yenyewe. Mimi ni binti wa Bondeni, niko mwaka wa tatu chuoni hapa karibu na Buxton, nasomea uchanganuzi wa data kubwa, chuoni twaita big data, na siku niliyopata nafasi baba aliniuliza, "Wasomea nini hasa, mwanangu?" nikamwambia, "Big data," akasema, "Data? Hii ya simu?" nami nina haraka, niko mlangoni na kiatu kimoja mguuni, nikamjibu, "Ee baba, kama hiyo," basi Bi Tumu, hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Tangu siku hiyo baba awaambia wateja wake wote, "Binti yangu asomea data, tena si ndogo, kubwa!" na majirani wakaanza kuniletea simu zao, Mejumaa wa ghorofa ya chini akaja kulia kwamba data yake yaliwa usiku yeye amelala, nikakizima kile kitu cha kujipakua chenyewe, akaniombea dua mpaka nikaona haya, na kila akija mwingine nikawa nashindwa kusema kwamba mimi sisomei mabando, na pia, nisikufiche, nilipenda kule kusifiwa.

Sasa baba ana duka la vitambaa vya mapazia, alilirithi kwa babu, na mwezi huu alinifunga macho kwa mtandio akanipeleka pale akanifungua, nikaona ameondoa rafu za upande mmoja wote, ameweka meza ya kioo na kiti cha kuzunguka, na juu ya mlango fundi amepaka kibao, HAJRA BIG DATA, na chini yake, Mabando ya Bei Nafuu, jina langu kubwa kuliko la babu ambalo liko hapo tangu sijazaliwa, na baba amesimama kando yangu asema, "Umeonaje?" na machozi yamemlenga, nami nikalia, akadhani nafurahi.

Ijumaa baada ya sala imamu anakuja kusoma dua ya kufungua, halua na kahawa zishaagizwa, na Jumatatu yake mimi natakiwa niripoti kwa kampuni moja ya mizigo bandarini, wamenichukua kwa mafunzo ya kazi, niwasaidie kubashiri makontena yatakwama wapi, nafasi ambayo darasa zima tuliiomba, na nikiikosa sijui nitapata wapi nyingine, na baba hajui. Nilijaribu kumwambia, nikaanza, "Baba, ni hivi, sisi twachukua..." nikakwama, kila neno lililokuja mdomoni ni la Kizungu, akaniambia, "Pole, umechoka na masomo," akaniletea chai. Kaka yangu Owais asema ninyamaze, nikate utepe siku hiyo, halafu Jumatatu nijitie mgonjwa, yeye atamuweka mahali pangu kisirisiri Stacy, dada anayeuza laini za simu chini ya mwavuli kule Makadara. Je, niache bandari nikae kwenye meza ya kioo, au nimvunje baba moyo? Tafadhali jina langu usilitaje kabisa.

BI TUMU AJIBU:

Wa aleikum salaam, marahaba mwanangu, na kwanza vuta pumzi, maana barua yako nimeisoma bila kupata mahali pa kumeza mate. Jina nimekubadilishia, kwa hivyo kina Hajra wa Bondeni watulie. Lakini na wewe! Waniomba nikufiche na huku umeniandikia kibao kizima?

Bandarini nenda. Hilo halina mjadala. Hukusoma miaka mitatu uje kumuuzia Mejumaa bando.

Sasa nikugombeze. Baba yako hakukosea, wewe ndiwe uliyemkosesha, ukaona raha kusifiwa ukanyamaza. Na huyo Owais mwambie akae na ujanja wake. Ugonjwa wa Jumatatu utapona Jumanne, halafu? Mzee akiambiwa na mteja kwamba binti yake aonekana bandarini, hapo ndipo moyo utavunjika, tena mbele za watu.

Mwambie leo. Nenda dukani baada ya alasiri, wateja wakipungua, peke yako, usimtume mama. Anza kwa kumuomba radhi. Halafu huo Uzungu uache chuoni. Mwambie hivi: "Baba, Ramadhani ikikaribia wewe waagiza mapazia kabla mtu hajauliza, kwa sababu umewatazama watu wa mji huu miaka na miaka, wajua Idi hakuna nyumba itakayokubali pazia kuukuu. Ulichokitazama ndiyo data. Mimi nafundishwa kutazama hivyo kwa kompyuta, watu na mizigo mingi kuliko macho ya mtu mmoja yawezavyo kuona." Ukishindwa kulisema hilo kwa Kiswahili, basi rudi ukasome tena, bado hujaelewa.

Huenda asile chakula cha usiku. Mwache, ana haki, wala usimbembeleze kwa uwongo mwingine. Akikuuliza meza ya kioo aifanyie nini, hapo mtaje Stacy, waziwazi, aje auze laini zake hapo, kazi yake mwenyewe kwa makubaliano na mzee, atoke juani. Imamu naye asirudishwe. Dua itafaa kwa Stacy na itafaa kwa safari yako ya Jumatatu, na halua ikishaagizwa haina budi kuliwa.

Kuhusu kibao, yale maneno ya chini fundi atayarekebisha. Jina usikubali lifutwe. Mtu ameishi miaka yote chini ya jina la babake, kisha akachukua rangi akaandikisha la bintiye, kubwa kuliko lile. Unachosomea alikielewa vibaya, na kosa ni lako. Wewe mwenyewe alikuelewa sawasawa.