Mayai ya Rambirambi

Mjomba,

Barua ulizonifundisha kuandika utotoni, kule kijijini kwetu Marodoka, zilianza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa, kisha hali ya nyumba yake, na ndipo mtu akasema haja yake. Mara tatu nimeanza hivyo na mara tatu nimechana karatasi. Hali yako siijui. Yangu nitaisema, ila si sasa.

Ofisi ya maabara hapa Mahajanga imefungwa kwa mapumziko ya mchana. Mkuu wa maabara amekwenda kwake kula, hatarudi kabla ya saa tisa. Naandika kwa Kiswahili cha barua, kile babu alichoandikiana na wafanyabiashara wenzake, kwa sababu humu ndani hakuna mwingine anayekisoma. Kimalagasi wangekielewa, na Kifaransa vilevile. Unajua nilivyo mwoga.

Nianze na yaliyobadilika. Kabati lako la joto limezimwa, na ndani yake sasa tunaweka karatasi za ofisi. Vile vizimba viwili vya simbilisi, wanyama wetu wadogo wa majaribio, ulivyoviosha ukaviinamisha uani vimerudishwa ndani, na vingine vinne vipya vimeletwa. Asubuhi nikifungua mlango wanyama wanapiga mluzi wao mwembamba, wakijua nimekuja na majani. Mtunzaji hajapatikana, kwa hiyo nawalisha mimi, karani.

Ulinizoeza kuandika kila jambo kana kwamba msomaji hajawahi kuingia maabara. Basi nitaandika hivyo, ili nisiruke hatua na kujificha nyuma yake. Mtu akikohoa wiki nyingi na darubini isione kitu katika makohozi yake, makohozi hayo hudungwa simbilisi. Baada ya wiki sita au saba mnyama anauawa na kupasuliwa. Akikutwa na vinundu kwenye ini na wengu, basi ni kifua kikuu, na mgonjwa anaandikwa kwenye orodha ya dawa. Dawa ni chache, na orodha inamfuata mnyama. Ndiyo sheria.

Wewe ulitaka orodha ifuate mrija wa kioo. Mayai yaliyooshwa kwa sabuni na spiriti, yakavunjwa, yakachujwa kwa shashi, yakachanganywa na chumvi zako na ile rangi ya kijani, kisha mirija ikalazwa ubavu katika joto mpaka mayai yagande. Juu yake unatandaza makohozi na kungoja vijidudu viote. Nakumbuka mkaza mjomba alivyosimama mlangoni siku ulipoazima sufuria yake kubwa. Aliwaambia majirani, "Njooni mumwone mwanamume anayewapikia wadudu. Mimi mkewe hata chai hajanichemshia." Ulicheka mpaka ukashika kifua. Wakati ule tulidhani ni kicheko tu.

Ulianza lini kuwaza mirija? Nadhani najua. Ulinipeleka kisiwani Nosy Komba nikiwa na miaka minane, na komba mmoja alishuka mtini akaninyang'anya ndizi. Nikaokota jiwe. Mama mmoja aliyekuwa akidarizi kitambaa kando ya njia aliinua sindano yake, akauliza, "Mtoto wa nani huyu? Mwambieni aukunje mkono huo." Kule kumdhuru komba ni fady, mwiko wa wazee wao, na hata mgeni haruhusiwi. Ulimwomba radhi yule mama kwa heshima zote. Katika mtumbwi wa kurudi ulisema, kama unayejisemea, "Nimeomba radhi kwa jiwe ambalo hata halikutupwa. Jumatatu nikifika kazini nitapasua wanyama sita. Nitamwomba nani radhi?"

Mimi nilikuwa nikifikiria ndizi yangu.

Mjomba, kuna jambo nimelinyamazia miezi mitano.

Ulisema mirija ina adui mmoja mjanja: dawa ya kuku. Kuku akinywa dawa, yai lake huibeba, na katika yai hilo vijidudu vya kifua kikuu havioti hata kama vimo. Ndiyo maana ulinunua mayai kwa mtu mmoja tu, Bi Echati wa mtaa wa Antanimasaja, na kila ulipokwenda ulimuuliza, "Wamekunywa nini wiki hii?" Naye hakuchoka kukutania. "Mzee gani wewe? Unawauliza kuku wangu hali, mimi mwenyewe huniulizi!" Nilikuwa nikibeba kikapu, nikiona aibu kwa niaba yako.

Kisha ukaumwa. Darubini haikuona kitu. Nirina, msaidizi wako, alitandaza makohozi yako kwenye mrija na kumdunga mnyama siku ileile. Wiki ya nne mrija ukaota. Mkuu akasema tumsubiri mnyama. Nilidhani utagomba. Ulisema tu, "Ni sheria, na sahihi yangu imo." Mnyama alipasuliwa wiki ya saba, ukapewa dawa, na baada ya siku chache ukaanza kutema damu. Dada yako, mama yangu, akataka ukauguliwe Marodoka. Bandarini ulinishika mkono ukaniambia, "Mkuu amekubali tulinganishe. Wagonjwa walewale, mirija bega kwa bega na wanyama, madaftari mawili. Yakifanana, vizimba vinatoka. Hata nikifa, usiiache mirija." Halafu, chombo kikiwa kinafungua kamba, ukapaza sauti, "Na mayai, uliza!"

Simu ya maandishi ilifika Alhamisi. Sikuja kukuzika. Nilijiambia ni kwa sababu ya mirija.

Watu walikuja kunipa pole chumbani kwangu. Siku ya tatu alikuja Bi Echati. Alikuwa amebeba trei la mayai thelathini, amelifunga kwa leso yake nzuri, ile ya sikukuu. Akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, mikono yangu haina kingine. Haya ni ya kazi yake. Sikumuuzia mtu."

Swali lilikuwa ulimini. Naapa lilikuwepo. Lakini nani anamwuliza mfiwa mwenzake rambirambi aliyoileta imetoka wapi, imelishwa nini? Kwetu hata kuifungua mbele yake ni utovu wa adabu. Macho yake yalikuwa mekundu, na chumba kilijaa watu. Nikasema, "Mola akulipe," nikapokea. Kesho yake nikampa Nirina. Akaniuliza kama nimeuliza. Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja tu.

Tulitengeneza mirija yote ya ulinganisho kwa mayai yale. Wiki ya nne, kijani kitupu. Ya sita, kijani. Ya nane, laini kama siku ya kwanza. Na wanyama walipopasuliwa, mmoja baada ya mwingine, vinundu. Nikaandika katika daftari lako, kwa mwandiko wangu mzuri uliokuwa ukiusifu, hapana, hapana, hapana, mpaka chini ya ukurasa. Mkuu aliyaweka madaftari mawili pamoja mezani. Hakukasirika. Alisema, "Mjomba wako alikuwa mtu mwema, na wema wake ulitaka kutudanganya." Akaamuru kabati lizimwe.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwambia Bi Echati kwamba hatutahitaji mayai tena. Alinikaribisha kigoda, akalalamika kuhusu jua, kisha akasema, bila kuulizwa na mtu, "Kideri kilipita mtaa mzima, wenzangu wamebaki na manyoya. Wangu kanisaidia mkwe wangu na unga wake wa dawa wa kutia majini. Bila unga ule, mayai ya marehemu ningeyatoa wapi?"

Sikumwambia. Nilikunywa maji yake nikaondoka.

Na mkuu sikumwambia pia. Nitakutajia sababu, ingawa zote nimeshazipima na zote ni nyepesi. Niliogopa kufukuzwa. Tangu zile fujo za hapa Mahajanga, watu wa asili yetu ya Ngazija walipouawa na nyumba zao kuchomwa, mama alinifundisha kutokuwa mtu wa kutazamwa: jibu fupi, sauti ya chini, jina lako lisitajwe mahali. Nilimwogopea na Bi Echati, kwamba watu watasema rambirambi yake ndiyo iliyomzika marehemu mara ya pili. Na niliona haya mbele ya Nirina, kwa lile ndiyo. Kila siku niliyonyamaza iliifanya inayofuata kuwa nzito zaidi. Hiyo nayo si sababu, ni jinsi ilivyokuwa tu.

Nilipopata likizo nilikuja Marodoka. Uliona? Nilisimama kaburini na sikuweza kusema hili, nikasoma Fatiha nikarudi nyumbani. Mama alikuwa uani akiwatupia kuku pumba. Nikamwuliza, "Mama, kuku hawa wamekunywa nini?" Akanitazama, akacheka, kisha akaketi chini akalia kwa sauti, kwa sababu lilikuwa swali lako, na hata namna ya kuliuliza. Hawajui dawa kuku wale. Aliniwekea mayai kumi na mawili katika kopo la biskuti, kati ya maganda ya mpunga, na njia nzima ya kurudi nililipakata kopo lile. Hakuna lililovunjika. Nirina alipoyaona hakuuliza ninataka nini. Alitengeneza mirija michache, ya siri, na nadhani siku hiyo alielewa kila kitu.

Sasa hali yangu.

Nakohoa. Mwanzoni nilidhani ni vumbi la majani ya simbilisi. Kisha nguo zikaanza kunipwaya, na jasho. Darubini haikuona kitu. Kwa hiyo nina mnyama. Ana doa la kahawia juu ya jicho la kushoto, na anapenda kula mkononi. Kila asubuhi namlisha, namtazama tumbo, na ninajua ninachokitafuta. Naye hana kosa lolote. Atapasuliwa baada ya majuma matatu.

Makohozi yaliyobaki, Nirina aliyatandaza kwenye mmoja wa mirija ya mayai ya mama. Kabati lako limezimwa, akauficha katika lile dogo la vipimo vya maji. Leo asubuhi aliniita. "Karani, njoo. Usisogee karibu sana." Kisha akajisahihisha, "Sogea bwana, ni wako huu." Nikaangalia. Juu ya kijani kulikuwa na chembe, manjano hafifu, kavu, zenye mikunjo, kama makombo ya mkate yaliyosahauliwa mezani. Vile vile ulivyonieleza. Alichukua kidogo, akapaka kwenye kioo, akatia rangi, akaniachia darubini. Vijiti vyekundu juu ya buluu: vijidudu vyenyewe.

Mjomba, nilifurahi. Sijui kama utaniamini. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu nilifurahi kama mtoto, kwa sababu ulikuwa sahihi, mrija umesema na mnyama bado anakula majani. Kisha nikakumbuka kifua ni cha nani.

Nimeiangalia hali hii toka asubuhi na sioni mlango. Mrija ungeaminiwa, ningeandikwa kwenye orodha leo. Hauaminiwi, na aliyeufanya usiaminiwe ni mimi. Nikisema sasa habari za unga wa kuku, mkuu atawaza nini? Kwamba karani mgonjwa ametunga hadithi ili aruke foleni ya dawa. Mimi ningekuwa yeye ningewaza hivyohivyo. Na hata akiniamini, Nirina ameshaniambia atakachosema mkuu: kipimo kinachoharibiwa na kuku mmoja si kipimo, simbilisi hadanganywi na unga. Hilo ungelijibu wewe. Mrija mmoja hautoshi, barua ya kuagiza vizimba zaidi iko tayari mezani kwake, niliipiga chapa kwa mikono yangu jana.

Ni saa nane na nusu. Nimeandika katika daftari lako, chini ya zile hapana zote: wiki ya nne, umeota. Jina langu. Mayai yametoka wapi, na yale ya kwanza yalitoka wapi.

Nakuahidi hivi. Saa tisa nitaliweka daftari mbele ya mkuu na kumwambia nilisema ndiyo wakati sikuuliza. Bi Echati simtaji kwa lawama. Alileta rambirambi, kosa ni la aliyepokea. Dawa sitaiomba. Nitasema nimsubiri mnyama kama mgonjwa mwingine yeyote, ili asipate cha kusema kuhusu foleni. Nitaomba kitu kimoja tu, atie sahihi yake na tarehe ya leo kando ya mstari huo, ili siku simbilisi wangu akipasuliwa ionekane nani alisema kwanza. Najua majuma matatu ni nini. Nilikuona ukiyahesabu.

Pengine hatatia. Pengine atalifunga daftari na kuniambia nikapumzike.

Nasikia lango la uani. Mkuu amewahi leo. Lala, Mjomba, mimi nanyanyuka. Daftari ninalo mkononi.

Mpwa wako