Mwaridi Umechipua, Msonobari Umekufa

Nyumbani kwa Baba,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko, wewe na wifi yangu na watoto? Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi miili mizima. Roho, usiniulize.

Nimekukasirikia, sitakuficha. Ulipompigia simu mkata miti, hukutuuliza tunaoishi hapa. Ulimwagiza akate mwaridi wa marehemu Mama, kisha akate na msonobari wa Baba ushuke chini ya usawa wa madirisha ya ghorofa yako mpya hapa nyumbani, ili wewe upate kuona barabara siku utakapokuja. Siku hiyo tunaingoja tangu Mama alipokuwa hai.

Nilipomzuia yule bwana, alinijibu, "Mwenye nyumba kasema yote itachipua. Mti ni mti." Mwenye nyumba ni wewe, na Baba yumo ndani anapumua.

Mwaridi ulibaki vijiti vitupu, na sasa una machipukizi mekundu na tumba moja. Ndivyo ulivyo, hata ukiukata karibu na ardhi huanza upya. Msonobari hauna maua, una yale matunda makavu ya magamba tuliyokuwa tukichezea, na uhai wake umo huko nchani kwenye majani ya sindano. Ukiukata ukabaki gogo lisilo na kijani, umeua. Ulitoa utomvu siku kadhaa, ukakauka. Wewe umelelewa katika kitalu cha Baba, umekula na kusomeshwa kwa miche yake. Ulisahau lini?

Tangu Baba apofuke, mti ule ndio uliokuwa redio yake. Alisikiliza upepo matawini, akatuambia tuanue nguo kabla ya mvua. Juzi akauliza mbona kumetulia hivi. Nilizungusha maneno, mwisho nikamshika mkono nikampeleka. Alipapasa gogo, akanusa vidole. Kisha akasema, "Mwandikie mdogo wako kwamba msonobari unachipua. Yuko mbali, asije akajilaumu bure."

Shemeji yako na Mjomba wanakusalimu. Wape watoto busu la shangazi yao. Mungu akulinde, akurudishe Baba angali yupo.

Kabla sijaituma, Baba atataka nimsomee barua hii. Nitamsomea kwamba unachipua. Wewe soma ilivyoandikwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hii.