Kitenge Bado Kikavu

Mama wangu mpenzi,

Huko uliko barua hazifiki, najua, lakini leo sina mwingine wa kumwambia. Mjukuu wako Amini, ambaye hukujaliwa kumwona, anahara na kutapika tangu jana. Macho yameingia ndani. Analia bila machozi. Naogopa, mama, naogopa hata kumtazama.

Unakumbuka kule Kibabi, mdogo wangu Bahati alipougua hivi hivi? Majirani walijaa nyumbani wakikushauri umnyime maji, eti kila anachokunywa ndicho kinachomtoka. Wewe ukachemsha maji, ukayapoza, ukatia sukari na chumvi kidogo, ukaonja: yasizidi chumvi ya machozi. Ukaanza kumpa kwa kijiko. Akakutapikia kifuani. Mimi nikaangua kilio, nikijua yamekwisha. Ukajipangusa tu.

"Akitapika, tunangojea kidogo, tunaanza tena."

Baadaye akakukojolea, tena kwenye kitenge chako cha misa. Mimi nilikunja uso, wewe ukacheka huku unalia, ukamwambia kama anayembembeleza baba yake, "Aksanti, papa. Aksanti sana." Nilidhani umerukwa na akili; sikujua kwamba mkojo ule ulimaanisha maji yamekaa mwilini.

Kitenge hicho hicho kiko chini ya Amini sasa. Tangu alfajiri nampa ziwa, nampa kijiko, anatapika, nangoja, naanza tena. Kuhara kumepungua, lakini mkojo hauji. Natia mkono chini yake, kikavu. Natia tena, kikavu. Sasa hata kumeza kunamshinda, na shingo imelegea. Mama, ulichonifundisha nimekifanya chote, na mtoto ananiponyoka.

Jana risasi zililia upande wa kituo cha afya, njia ikafungwa. Baba yake Amini amerudi sasa hivi kutoka barabarani. Anasema watu wameanza kupita, ila hakuna anayejua kama itabaki hivyo hadi mchana. Anataka tungoje kidogo tuone. Nimemwambia mimi naenda. Akachukua chupa ya maji na kijiko.

Nikimaliza mstari huu namfunga Amini mgongoni kwa kitenge chako. Tutasimama njiani kumnywesha, hata tone. Utuombee, mama, usichoke. Na akinikojolea mgongoni, utanisikia nikicheka mpaka huko uliko.

Binti yako,
Mama Amini