Kwa Mama, Uliyemlilia Zena wa Kwenye Tivii

Mpendwa Mama,

Mjomba Magesa alikuja Jumapili, akala, akanawa mikono, ndipo akasema kilichomleta. Kasema unamtaka Prisca. Aje akae na wewe huko Butiama, aanzie darasa la kwanza hapo, maana mimi nashinda jikoni kwenye mgahawa wa watu na mtoto anakua kama kuku wa stendi. Hilo la kuku ni neno lako, nililijua kabla Mjomba hajalimaliza. Kasema pia kanisani umeshatangaza kwamba mjukuu analetwa, na sare umeshamshonea.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima huku nakaanga sato za wateja. Ningeweza kukupigia simu. Lakini wewe mambo yangu uliyamalizia mbele za watu, basi na mimi jibu langu naliandika wazi, alisome atakayelisoma.

Unaikumbuka tivii yetu ya Bunda, kabla hujahamia Butiama? Mchana kutwa ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, utafikiri ni kitu cha altareni. Baba alikuwa ameshahamia Kisorya kwa mke mdogo. Wewe ukirudi sokoni, mikono inanuka dagaa, hukuwa na cha kukufurahisha zaidi ya ile tamthilia. Jioni wanakuja akina mama wa mtaa, na wa kwanza siku zote ni Mama Wegesa wa nyumba ya pili, na kigoda chake mkononi. Mimi ulikuwaga unaniweka mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, nitazame huku naangalia maharage yasiungue.

Zena ndiye alikuwa mtoto wa tamthilia. Jina lake refu liliwashinda, mkalikata. Binti wa matajiri wa nchi ya mbali, ametiwa Kiswahili mdomoni, na midomo yake haikuwahi kupatana na ile sauti. Alitoroka shule. Aliiba bangili za mama yake. Alilewa kwenye harusi ya dada yake akaanguka juu ya keki. Mimi na yeye tulianza tukiwa rika moja, Mama. Mimi nimeshazaa, nimekonda, nina mvi moja juu ya sikio. Yeye mpaka leo bado anabeba begi la shule.

Na ulimpenda. Ulikuwa unasimama mbele ya kioo unampigia kelele: "Zena mwanangu, usipande hiyo gari! Huyo mwanaume ana macho ya mamba!"

"Hakusikii, Mama Stazia," Mama Wegesa anakwambia.

"Atanisikia! Ananijua huyu."

Alipopata mimba, mama yake, yule mwenye koti la manyoya, alimnyooshea kidole mlangoni akamwambia: "Nyumba hii haina kitanda cha aibu." Siku hiyo ulikataa ugali. "Mama gani huyu?" ulisema. "Mtoto akikosea si unamkalisha, unampa na maji, unamuuliza?" Nilikusikia vizuri. Nilikuwa pale pale mlangoni, na mwiko mkononi.

Jumamosi yake kwenye jumuiya, wakati wa maombi, ulisimama ukasema tumwombee binti mmoja anaitwa Zena, amefukuzwa kwao na ni mjamzito. Watu wakaitikia, twakuomba utusikie. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa watu, akauliza kwa huruma, "Anakaa mtaa gani huyo binti, tukamtembelee?" Ukakohoa. "Yuko mbali kidogo, mzee." Mama Wegesa aliuma kanga mpaka machozi yakamtoka. Tulicheka njia nzima, wewe zaidi ya wote. Nilikuwa nakupenda sana siku zile. Naomba ulijue na hilo.

Halafu yale maneno yakawa mchezo wako. Umeme ukikatika, akina mama wanadai, "Tufanyie mama yake Zena!" Unasimama, unatupia kanga begani kama lile koti, unainua kidevu, unanyoosha kidole: "Nyumba hii haina kitanda cha aibu!" Na Zena alikuwa nani? Mimi. Mimi ndiye niliyenyooshewa kidole. Nilikuwa nachukua kikapu cha sokoni, nainamisha kichwa, natoka nje polepole huku nyuma yangu wanavunjika mbavu. Nikikaa kidogo kizani unaniita, "Haya rudi Zena, maharage yanaungua!" Narudi, wananipigia makofi.

Nilipokuwa kidato cha tatu tulipimwa mimba shuleni, nikarudishwa nyumbani. Taarifa ilikufikia sokoni kabla yangu. Sikukuficha ni nani, ulimjua, yule kijana wa bodaboda wa Nyamuswa ambaye baada ya hapo alivuka na kivuko kwenda visiwani na hajaonekana tena. Nilifika jioni na mkoba wa shule. Akina mama wameshakaa. Ulinitazama mara moja tu, ukasema, "Simama hapo hapo. Leo Zena anatoka hospitali."

Nikasimama. Ulitazama mpaka mwisho. Nesi mmoja alimshika Zena mkono akamwambia hakuna kosa lisilo na njia ya kurudi, nawe ukajifuta machozi kwa pindo la kanga. Ukazima tivii. Ukaifunika kitambaa, ukakinyoosha na ncha zake. Ndipo ukasimama, ukatupia kanga begani, ukainua kidevu, ukaninyooshea kidole.

"Nyumba hii haina kitanda cha aibu."

Mama Wegesa alicheka mpaka akashika ubavu. "Leo umepatia, Mama Stazia! Leo ndiyo yenyewe!" Wengine wakapiga makofi. Na mimi nilitabasamu, Mama. Niliinamisha kichwa nikatoka nje polepole kama siku zote, nikasimama nikingoja uniite.

Nikasikia komeo.

Niligonga. Ulikuja dirishani, na nikadhani unakuja na lile swali ulilosema mtoto huulizwa, na maji. Ukasema, "Wewe si Zena. Zena alidanganywa. Wewe ulikwenda kwa miguu yako." Ndani hakuna aliyekuwa anacheka tena. Hakuna aliyefungua pia.

Jumamosi iliyofuata uliwaongoza kuomba mvua, ukawaombea wagonjwa, ukamwombea Zena. Mama Wegesa ndiye aliyenieleza baadaye, huku analia, kwamba alikunong'oneza, "Na Stazia je?" Ukaanzisha wimbo.

Musoma nilipokelewa na Mama Jeni, yule mteja wako wa dagaa mwenye mgahawa. Si mtu mpole. Aliniangalia tumbo, akaniangalia mikono, akasema, "Hapa utafanya kazi mpaka uchungu ukushike. Na kulia hakuna, vitunguu vinatosha." Nikamenya vitunguu. Prisca alipozaliwa nilimtuma mtu akuambie. Alirudi akasema umesikia. Nikamuuliza kasema nini? Akasema, kasema amesikia.

Mama Wegesa akaniambia lingine ambalo ni afadhali angeninyima. Mtoto wa Zena alipozaliwa kwenye tamthilia, miezi michache kabla ya wangu, ulipika sufuria la uji wa ulezi, ukaweka na siagi, mkanywa wote kama mmekwenda kumwona mzazi. Mimi, mzazi wako mwenyewe, nilikunywa chai ya rangi.

Siku moja nikiwa napiga deki pale mgahawani niliikuta ile tamthilia inaendelea. Yule Zena wa kwanza aliondoka, wakaweka msichana mwingine kabisa, mrefu, pua nyingine, na watu wote ndani ya hadithi wakajifanya ni yule yule. Nilimuuliza Mama Wegesa, mama kakubali? Akasema ulinuna wiki moja tu, ukamzoea. Sura ngeni ulizoea kwa wiki moja, Mama. Mimi nilisimama dirishani kwako na sura ile ile uliyonizaa nayo.

Lakini siandiki kwa ajili ya hayo. Naandika kwa ajili ya Prisca.

Mtoto wa Zena, kama unakumbuka, alilala Ijumaa akiwa mchanga, Jumatatu akaamka anaongea, amefungwa utepe, anajua na salamu. Kwenye tivii wanawarusha miaka hivyo. Hakuharisha. Hakuota meno. Hakuna aliyekimbia naye mgongoni kutoka mtaani kwetu Iringo hadi hospitali, amechemka kama chungu, huku mvua inanyesha. Wangu nilimpitia siku zote hizo moja moja, Mama, na nyingine zilikuwa ndefu. Sasa anaongea, ananawa mwenyewe, anajua salamu. Ndiyo huyu unamtaka. Unamtaka aliyekwisha kurushwa.

Mjomba aliniambia, "Mwanangu, yaliyopita si ndwele." Nikamjibu, "Mjomba, mgonjwa ndiye anayejua kama imepita." Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaomba maji. Ndipo akafanya kosa. Akamwambia Prisca bibi ana tivii kubwa. Sasa mtoto hanipi raha: "Mama, twende kwa bibi, bibi ana katuni!" Anajiandaa kila asubuhi. Juzi amekuja jikoni amejibebea nguo zake ndani ya mfuko wa rambo, na kiatu kimoja. Nilizirudisha sandukuni, akanililia mpaka akalala sakafuni. Nimekubali aninunie. Atanuna, atasahau. Siku ukimnyooshea wewe kidole hatasahau. Na kidole chako nakijua, kinanyooka wakati mtu bado anadhani ni mchezo.

Kwa hiyo Prisca haji. Si mwaka huu, si likizo, si kwa siku mbili. Kanisani utawaambia mwenyewe. Ile sare mpe mtoto wa jirani kabla haijamkaa mtu yeyote vibaya.

Ukitaka kumwona, gari za kuja Musoma zipo kutwa. Njoo mchana. Usije na Mjomba, usije na zawadi. Utanikuta jikoni, nitakukaangia samaki, utakula, sitakudai neno wakati unakula. Ukimaliza utaniambia kwa mdomo wako ulichonifanyia, na utaniambia mtoto akiwa amekaa pale pale, kwa lugha anayoielewa. Akikuuliza kwa nini, mjibu. Mimi sitakusaidia. Baada ya hapo akikuita bibi, ni yeye kakuita.

Usipokuja, sitamtuma mtu kuuliza kwa nini.

Mjomba kasema magoti yanakusumbua na dawa unazinywa tumbo likiwa tupu. Kula kwanza, Mama. Hata uji.

Ubaki salama huko Butiama.

Ni mimi,
mama yake Prisca.