Wa Pili na Wa Tatu

Jumapili, 4 Januari
Kahawa, dawa ya presha, kisha kitabu. Cha binti yangu Salma, mwalimu wa tarekhe, yaani historia: marais wa mwanzo wa Marekani, kwa Kiarabu. Nasoma kwa kidole kama mtoto wa chuo cha Kurani. Majina yao yananivunja meno, nawaita kwa zamu zao. Wa Kwanza: askari, mrefu, maneno machache, meno ya bandia. Katawala mihula miwili, karudi shambani kwake kwa hiari. Kwetu mtu haachii hata uenyekiti wa kamati ya maziko.

Wa Pili: mfupi, mnene, ulimi pilipili, baba yake mkulima mshona viatu. Huyu mimi.

Jumanne, 6 Januari
Barza kwa Nassor, huku Al Amerat tulikohamia. Nimewaambia wazee yeye ndiye Wa Tatu khasa: mrefu, kazaliwa na mali, vitabu mpaka chooni, sauti ndogo. Wa Tatu kaiongezea nchi yake ardhi tele kwa kununua, bila kupaza sauti. Babu yake Nassor alikuwa na mikarafuu Pemba. Baba yangu, kiduka cha mafuta ya taa Mkwajuni. Wazee wakacheka. Nikanogewa, nikaongeza:

"Wa Tatu kaandika watu wote sawa, na nyumbani ana watumwa. Kama babu yako, sheikh."

Hakuna aliyecheka. "Kahawa ishakwisha, Khamis," Nassor akasema. Na dele la kahawa limejaa.

Niliyosema kweli. Lakini Nassor si babu yake.

Alkhamis, 8 Januari
Simpigii. Hanipigii. Kitabu kinasema Wa Pili na Wa Tatu walikosana kwa siasa, kimya miaka, uzeeni ndipo wakaandikiana barua. Vizuri. Nikafungua ukurasa unaofuata.

Wamekufa siku moja, wote wawili.

Kitabu nimekitia nyuma ya gunia la mchele.

Ijumaa, 9 Januari
Nassor kaanguka msikitini. Moyo. Mkewe kampigia mke wangu Zuwena. Watampasua Jumatatu.

Nnaogopa. Nnamwogopea yeye, na nnajiogopea mimi. Aibu.

Jumamosi, 10 Januari
Kifua kinabana. Zuwena anasema gesi, mihogo ya jana. Nimekitoa kitabu tena. Wa Pili akikata roho alisema mwenzake bado yu hai. Kumbe kesha kufa, saa chache nyuma.

Zuwena kauliza, "Nassor yu hali gani?" Nimekifunga kitabu. Maneno yale ya Wa Pili siyasemi mimi. Hospitali sikwenda. Nikifika nitamkuta kafa, au nitakufa mimi njiani.

Jumapili, 11 Januari
Zuwena kanitupia funguo. "Wale marais wako walikuwa mbali, hawana gari wala simu. Wewe unavyo. Huna haya?"

Nikenda. Nassor kitandani, mipira puani. Urefu wote ule umekwisha. Nikamwambia nimekosa.

"Babu alikuwa nao, najua," akasema. "Ila umeyasema na halwa yangu mdomoni." Akapumua kwanza. "Na kesho usife. Wale wawili nimewasoma mimi pia. Usije ukanigawanyia watu wa maziko siku moja."

Nimecheka. Garini nimelia.

Jumatatu, 12 Januari
Sikula. Baada ya alasiri simu imelia, mtoto wake. Wamemaliza. Kazinduka, keshaomba miwani.

Zuwena kasimama mlangoni, anangoja.

"Yu hai," nimesema.

Kisha nikatia mkono kifuani kwangu, nikasikiliza. Nikaomba kahawa.