Kompyuta ya Baba Haichomwi

Tainan, 4 Machi

Mwanangu Siok-hun,

Habari za Osaka? Koo limepona? Mimi mzima, ila chai bado nachemsha ya watu wawili.

Baba yako mdogo, A-kiat, anataka kompyuta ya marehemu ichomwe pamoja na nguo zake siku ya arobaini na tisa tangu afariki, tunapofunga matanga. Eti baba yako ataendelea kuirudia, hatapumzika. Nikamwambia humo mna sauti yake, nyimbo zote alizowaimbia vikaragosi wake alipowachezesha jukwaani. Akanijibu, "Shemeji, marehemu haimbi." Sitampa. Lakini nyimbo zenyewe sijui kuzitoa.

Mama yako

Osaka, 5 Machi

Shikamoo Mama,

Koo limepona. Wewe unakula?

Usiite fundi. Nimekutumia programu ndogo. Ukiifungua itaonyesha namba, nisomee kwa simu. Nitaingia kwenye kompyuta ya Baba nikiwa huku huku, kama nimekaa kitini pake. Nitatengeneza folda yetu sote: kikiwekwa kwako, kwangu kinaonekana. Kompyuta usiizime tu, na Baba Mdogo usimpishe.

Mwanao

Tainan, 12 Machi

Mwanangu,

Umepumzika? Mimi sijambo, magoti tu.

Jana ulipokuwa humo, A-kiat aliingia na gunia. Akakuta kiti kitupu, mshale unatembea wenyewe kwenye skrini, mara baba yako anaanza kuimba. Akapiga magoti, akamwomba kaka yake radhi kwa kumharakisha aondoke. Nilimwacha kidogo, Mungu anisamehe. Kisha nikasema, "Inuka, shemeji. Huyo ni Siok-hun, yuko Osaka." Aliona haya, na haya ikageuka hasira. Kesho ndiyo siku yenyewe. Ameapa kuja kuibeba.

Mama yako

Osaka, 12 Machi

Mama,

Pole na magoti. Nyimbo zote zimefika. Akija mpe tu, msigombane. Atachoma kopo tupu.

Mwanao

Tainan, 15 Machi

Mwanangu,

Nimelala vizuri, asante.

Sikumpa. Nilikwenda kwa muuza vifaa vya matanga, nikachukua kompyuta ya karatasi, ya kuchomewa marehemu, na kipanya chake. Tulipowasha moto nikaiweka juu ya nguo, nikamwambia A-kiat mbele ya watu, "Ile ya kaka yako. Iliyo ndani ya nyumba ni yangu." Alinung'unika, akala wali wake, akaenda.

Kompyuta inawaka, na folda iko wazi. Umeweka nyimbo za baba yako tu. Weka na sauti yako, hata ukisoma bei za samaki. Sitangoja tena mtu afe ndipo nianze kumtafuta.

Mama yako