Tone Moja Juu ya Prosesa

Jumatatu, 7 Agosti 2006
Nimelisha kuku, nimeosha vyombo, nimerudi kwa kompyuta. Bado ni vipande juu ya meza. Anko Njogu alivitoa ofisini kwao Parklands, vilikuwa vya kutupwa. Jana akatangaza mbele ya wote: Jumapili nakuja chai na Kamau. Ikiwaka na isizime mpaka tumalize chai, ni yako. Ikizima, Kamau anaibeba. Kamau ni kijana wake, yuko chuo, anajua kila kitu. Mbele ya watu ulimi wangu hukauka. Lakini mikono yangu haina aibu. Nitaiweza.

Jumatano, 9 Agosti
Imewaka! Mimi mwenyewe. Nimepaka pesti ya prosesa kwa rula. Ule uji mweupe unaopitisha joto kutoka prosesa hadi chuma cha kupozea chenye feni. Nimepaka nene, mpaka pembeni, vile Mama hupaka mkate wa wageni. Kwake majarini isipofika pembeni ni matusi. Tyubu yote imeisha. Kamau atajua hajui.

Alhamisi, 10 Agosti
Imezima. Nikaiwasha, nikaandika mistari miwili, ikazima tena.
Nililia kidogo. Halafu nikagusa kile chuma. Vuguvugu tu. Kwa hivyo joto halipandi, limekwama chini. Nikafungua. Pesti imefurika kando, safu nene ajabu. Nimemfunika mgonjwa wa homa blanketi! Inatakiwa kujaza mikwaruzo midogo ya chuma tu, basi. Najichukia. Nimepangusa yote kwa pamba na spiriti. Sasa lazima niende tao, katikati ya mji, niongee na mtu nisiyemjua. Hiyo inanitisha kuliko Kamau.

Jumamosi, 12 Agosti
Duka liko ghorofani, limejaa wanaume. Nilipita mlango kama mtu anayeenda kwingine. Nikarudi.
"Sasa, siste. Umetumwa na brathe?" muuzaji akauliza.
"Hapana. Nataka pesti ya prosesa. Kompyuta ni yangu."
"Ya kwanza ilienda wapi?"
"Niliipaka kama mkate."
Duka zima likacheka. "Wacha! Na chai ilikuwa wapi?"
"Chai ni kesho."
Sijui hilo jibu lilitoka wapi. Wakacheka tena, na mimi pia.
Nyumbani niliweka tone moja katikati, kama punje ya ndengu. Nikashusha chuma wima, nikakaza skrubu. Likajitandaza lenyewe. Mkono ulitamani kuongeza. Sikuongeza.

Jumapili, 13 Agosti
Walikuja. Kamau aliwekelea kiganja kwenye kasha la sipiyu kama daktari. "Hii itazima tu." Kikombe cha kwanza. Cha pili. Anko alikunywa polepole, makusudi, najua. Feni inavuma tu. Mkate wangu sikuugusa.
Anko akageuza kikombe chake juu chini. Chai imeisha. Haijazima.
"Kwani uliweka pesti kiasi gani?" Kamau akauliza. Watu wote wakaniangalia.
"Kidogo. Kama ndengu moja."
Mama akasimamisha kisu juu ya mkate. "Ndengu moja! Na ulijua wageni wanakuja?"
Anko alicheka mpaka akakohoa. Kamau ameondoka na mkate aliofungiwa na Mama. Kompyuta imebaki.
Nyumba imetulia sasa. Bado inavuma hapa kando yangu, na chuma kina joto, vile inavyotakiwa. Mama ameniachia kipande kimoja kwenye sahani. Majarini mpaka pembeni. Njaa imerudi. Nakula.